Gitaa la Umeme Katika Mtaa Usio na Umeme

Enzi zetu Ipagala haikuwa na umeme, na mimi nilijifunza gitaa la umeme hapohapo Ipagala. Nikiwaambia vijana wa ofisini kwetu wanatazamana, kisha mmoja wao kwa adabu ananiuliza kama namaanisha gitaa la kawaida. Namaanisha la umeme. Lilikuwa jekundu, limebanduka rangi pale mkono wa mpigaji ulipozoea kulalia, lina tundu la kuchomekea waya, na waya wenyewe tulikuwa nao, umekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa rambo. Kilichokosekana ni mahali pa kuuchomeka upande wa pili.

Ninyi mliokulia Dodoma ya wakati ule mnakumbuka. Mtaa ulikuwa viwanja vitupu na nyumba za tope hapa na pale, uzio wa kila mtu ni minyaa, na kiangazi upepo uliamka asubuhi na kazi moja tu, kulihamisha vumbi la kiwanja hiki kulipeleka kile. Shuleni tulikwenda na fagio mkononi na kidumu cha maji, tukarudi miguu myeupe hadi magotini kama watu waliovaa soksi. Mchana ugali wa uwele na mlenda, ule mlenda unaovutika mpaka unaukata kwa kidole. Msimu wa zabibu midomo ilikuwa na rangi, na mtoto aliyesema hajapita shambani kwa watu alikuwa akijulikana kwa kuutazama ulimi wake tu. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka mama zetu waanze kuita, kila mama kwa sauti yake, na kila mtoto akijua kabisa ataitwa mara ngapi kabla mambo hayajawa mabaya.

Sisi ni Warangi, asili yetu Kondoa. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mtu wa sala tano na maneno machache. Wakati wa mavuno alikuwa akienda Mlali na vijiji vya huko Kongwa kununua mahindi na alizeti, akikaa wiki kadhaa bila kurudi. Nilikuwa darasa la sita alipokuwa kwenye safari mojawapo ya hizo, na ndipo mjomba Rajabu alipoingia nyumbani kwetu.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama. Alikuwa mpiga gitaa katika bendi iliyokuwa ikipiga kwenye hoteli moja mjini, bendi ikavunjika, kila mtu akaondoka na chombo chake. Yeye alikuja na begi la nguo na kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi, ambacho mama alidhani ni bunduki, akakataa kisiingie ndani mpaka kifunguliwe. Kikafunguliwa. Nilikuwa nimesimama pembeni na ndoo ya maji kichwani, na nawaambia kweli, sikuitua ile ndoo mpaka mjomba alipomaliza kuzikaza nyuzi zote. Shingo iliniuma hadi kesho yake.

Nilimwomba anifundishe. Hakucheka, wala hakusema kwamba mimi ni msichana. Aliitazama mikono yangu pande zote mbili kama mtu anayenunua viazi, akasema atanifundisha wimbo mmoja tu, nyingine zitakuja zenyewe. Wimbo huo ulikuwa bluzi, na yeye alifundishwa na Mzambia mmoja waliyekuwa naye kwenye bendi.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu neno hilo ndilo lililotuletea balaa. Wenzangu mnajua bluzi ilikuwa nini kwetu. Ilikuwa ile saa ya harusi ambapo msema chochote anaomba taa zipunguzwe, watu wanashikana wawiliwawili na kuzunguka taratibu kama wanaotafuta sindano sakafuni, na wazazi wenye heshima zao wanakumbuka ghafla kwamba nyumbani wameacha mlango wazi. Hiyo ndiyo bluzi tuliyoijua sisi. Mjomba alikuwa akizungumzia nyingine. Alisema bluzi ya Mzambia wake haikuwa ya kushikana. Ni ya mtu mmoja mwenye lake moyoni: analisema, analirudia vilevile alivyolisema, halafu anajijibu mwenyewe. Nikamwambia hivyo ndivyo mama anavyozungumza akirudi bombani amekuta maji hayatoki. Mjomba akasema sasa nimeelewa nusu ya somo.

Nusu ya pili ilikuwa vidole. Wimbo ule una sehemu tatu tu za kukaa, ambazo wanamuziki huziita kodi. Mjomba, kwa kuwa alijua nina kichwa cha darasa la sita, alizipa majina. Ya kwanza aliiita nyumbani, ya pili kwa jirani, ya tatu sokoni. Unakaa nyumbani kwa muda mrefu. Unakwenda kwa jirani, unapiga soga kidogo, unarudi nyumbani. Kisha unatoka tena, safari hii mpaka sokoni, na wakati wa kurudi unapitia kwa jirani usije ukaonekana una maringo, ndipo unafika nyumbani. Basi. Hiyo ndiyo bluzi nzima, na mpaka leo sijapata mwalimu aliyeieleza vizuri zaidi.

Kuieleza ni jambo moja. Vidole vyangu vilipasuka, vikaota sugu, sugu zikapasuka nazo. Uzi mmoja ulipokatika hatukuwa na wa kubadilisha, mjomba akachomoa waya kwenye breki ya baiskeli, akauchambua, akapata unywele mmoja wa chuma uliotufaa. Ulikuwa mkali kama wembe. Kipande cha kupigia tulikikata kwenye ndoo iliyopasuka. Na kwa kuwa gitaa la umeme bila umeme linasikika kama panya anayetembea juu ya bati, nilijifunza kuliinamia na kulaza taya langu juu ya mbao. Hapo sauti ilikuwa haipiti hewani, ilipanda mfupani moja kwa moja. Nilisikia kila kitu. Lakini kila sauti ilikufa palepale ilipozaliwa, kama tone la maji kwenye mchanga, nami nikajua ndivyo gitaa lilivyo.

Usidhani nilikuwa nikijifunza kwa siri. Uani kwetu kulikuwa na minyaa, na minyaa haizuii masikio. Wapita njia walikuwa wakisimama. Aliyekuwa akipeleka mbuzi malishoni alinijulisha kwamba jana nilikuwa nafanya vizuri zaidi. Watoto wenzangu waliijua ile safari ya nyumbani, kwa jirani na sokoni kabla mimi sijaweza kuipiga, na nikichelewa kutoka kwa jirani walinipigia kelele nirudi nyumbani, chakula kitapoa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mjomba hakuweza kunifundisha. Katika bluzi kuna mahali unausukuma uzi pembeni kwa kidole mpaka sauti inapanda, inaacha ilipokuwa na haifiki inapokwenda. Nilipomuuliza niusukume kiasi gani, alisema mpaka ukuume. Niliusukuma mpaka ukauma na ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Jirani yetu wa ng'ambo ya minyaa alikuwa Mama Yoeli, Mgogo wa Haneti, mwanamke mrefu mwenye mzaha. Alikuwa akitwanga uwele kila asubuhi ya Jumamosi huku akiimba nyimbo za kwao, na sauti yake ilikuwa na tabia ya kuanzia chini kidogo ya pale inapotakiwa, ikapanda polepole na kutulia katikati, mahali ambapo kwenye gitaa hapana kile chuma chembamba cha shingoni kinachoonyesha pa kuweka kidole. Siku moja nilisukuma uzi kuifuata. Nikapitiliza. Nikajaribu tena. Mama Yoeli akasikia kuna kinachomfuata, akachungulia juu ya minyaa, akanikuta taya liko kwenye mbao. Alirudi kwenye kinu, akaimba ile sehemu tena, na alipofika katikati akakaa hapo, mchi umesimama hewani, akiningoja. Nikasukuma kidogo, nikasimama alipo. Mchi ukashuka. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, na uwele wake siku hiyo ulichelewa kuwa unga.

Baba alirudi kutoka Mlali na mizigo yake, na kabla hajafika nyumbani alikuwa amekwisha kupewa habari njiani, tena kwa nia njema kabisa, na mtu aliyempongeza kwamba binti yake anajua bluzi. Aliingia, akasalimiwa, akanawa, akala. Ndipo alipomwita mjomba barazani. Mimi na mama tulikuwa jikoni, na siku hiyo hakuna aliyegonga sufuria. Hakupandisha sauti. Alimwambia mjomba kwamba nyumba ni yake pia na atakaa anavyotaka, lakini bintiye hatafundishwa mambo ya ukumbini ya kuzima taa. Gitaa liondoke. Mjomba alijaribu kueleza habari za Mzambia, na kila alivyoeleza ndivyo mambo yalivyoharibika. Alipofika kwenye kodi, baba akauliza tangu lini muziki nao unatozwa.

Nililia usiku ule, sifichi. Sikuwa nalilia gitaa kama kitu. Nilikuwa nimefika mahali ambapo naweza kuuzunguka wimbo mzima bila kupotea, na mtoto aliyekwisha kujua kwamba anaweza jambo ni vigumu sana kumrudisha kwenye kutolijua. Asubuhi mama ndiye aliyesema. Alimwambia baba kwamba shuleni kuna siku ya wazazi wiki ile, kwamba mwalimu mkuu amekwisha kumwomba Rajabu aje na gitaa nami nipige, na kwamba kitu kinachopigwa saa tano mchana mbele ya mwalimu mkuu hakiwezi kuwa cha kuzima taa. Amsikilize mtoto mara moja. Baba alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akaniambia mimi, si mama.

"Nitakuja. Nikiona haya, hilo gitaa halilali hapa."

Basi siku ikafika. Uwanja wa shule ulikuwa umefagiliwa na kunyunyiziwa maji, wazazi wamekaa kwenye madawati chini ya turubai, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Baba alikuwa amevaa kanzu na koti, amekaa mbele. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa ameiazimisha shule jenereta lake dogo, na mjomba alikuwa amepata spika kwa rafiki yake wa zamani wa bendi. Akauchukua ule waya kwenye mfuko wa rambo, akauchomeka kwenye gitaa, akauchomeka kwenye spika. Akanivisha mkanda. Akaenda kukaa na wazazi.

Sikuwahi kulisikia gitaa lile kwa umeme. Hilo sikuwa nimelifikiria, na nadhani hata mjomba hakulifikiria. Niligusa uzi mmoja tu, kwa nguvu ileile niliyozoea kuitumia uani, na spika ikapiga yowe ambalo liliwafanya watoto wa darasa la kwanza wazibe masikio na mbwa wa mlinzi akakimbia. Watu wakacheka. Nikagusa mwingine, yowe likaungana na yowe. Zile sauti zilikuwa hazifi. Nilizoea tone kwenye mchanga, na hapa kila nililoliachia lilibaki linatembea, linagongana na lililofuata, na hata kukwaruza kwa kidole kulisikika kama mtu anayevuta meza. Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nilimtafuta mjomba kwa macho. Hakunyanyuka. Alikuwa ameinua kiganja kidogo juu ya goti lake, akakishusha polepole, akakilaza. Nikaelewa. Niliweka kiganja changu juu ya nyuzi zote na uwanja ukanyamaza kabisa, nikasikia jenereta linavyounguruma nyuma ya darasa. Na katika ule ukimya nikapata wazo ambalo lilinifanya nisimame wima. Kama sauti haifi mpaka niiue, basi mimi ndiye mwenye kuamua. Kwa wiki zote zile gitaa ndilo lililokuwa likiamua. Nikapunguza sauti kwenye kitufe, nikaanza upya, kwa kidole chepesi, taratibu kuliko nilivyowahi kupiga. Nyumbani. Nyumbani. Nikaimba maneno ya mjomba, kwa kuwa ya Mzambia yalikuwa Kiingereza na alikwisha kuyasahau:

*Nimepanda uwele wangu, mvua imenipita kando.*
*Nasema nimepanda uwele wangu, mvua imenipita kando.*
*Sasa namuuliza jirani, mvua yako uliipata wapi?*

Mwaka ule mvua ilikuwa imefanya hivyohivyo. Ilinyesha shamba hili, ikaruka lile. Kicheko kilichotoka chini ya turubai hakikuwa kile cha kwanza, kilikuwa cha watu wanaojuana. Na kwa kuwa mstari wa kwanza hurudiwa, ubeti wa pili ulipofika watu walikwisha kuelewa kazi yao. Niliusema mara moja, wakaurudia wao, shule nzima na wazazi. Nikatoka sokoni, nikapitia kwa jirani, na pale katikati nikausukuma uzi. Sauti ikapanda, ikakaa pale pasipokuwa na chuma, na safari hii haikufa. Niliishikilia. Upande wa wanawake Mama Yoeli akaidaka kwa mdomo wake, akaishikilia pamoja nami, mpaka nilipoamua mimi kuishusha. Nimepiga gitaa mahali pengi tangu siku ile, kwenye harusi na kwenye sherehe za kuwaaga wastaafu, lakini kiganja changu bado kinaijua ile saa.

Baada ya sala ya magharibi baba aliniita barazani. Mjomba alikuwepo, mama amesimama mlangoni.

"Ile ndiyo bluzi?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Mbona hakuna aliyemshika mwenzake?"

Mama aliingia ndani haraka, tukamsikia anacheka huko jikoni. Mjomba aliinama kutazama viatu vyake. Baba akamgeukia.

"Shemeji, maneno ya mvua ni yako?" Mjomba akaitikia. "Umesahau kwelea kwelea," baba akasema. "Mvua hata ikija, huo uwele unaliwa na nani?"

Na pale pale barazani, mtu aliyekuwa akitaka gitaa liondoke akaanza kutunga ubeti: kwamba amewafukuza kwelea kwelea asubuhi, wamerudi jioni na wageni. Mjomba aliurekebisha kidogo uingie kwenye mwendo. Baba hakukubali neno lake hata moja lipunguzwe, ikabidi wimbo ndio urefushwe. Hivyo mpaka leo, nikiupiga, ubeti wa tatu una maneno mengi kuliko nafasi, na nikifika hapo lazima nikimbie.

Mjomba alipopata bendi nyingine kule Singida aliniachia gitaa, akasema huko atapewa la kazi. Aliendelea kuja kila Idi, ananikuta nimeongeza wimbo mwingine na mwingine, kama alivyosema, zikija zenyewe. Alifariki kwetu Kondoa akiwa mzee, na baba naye amekwisha kutangulia. Mama Yoeli alirudi Haneti kwa wanawe.

Siku hizi Ipagala ina umeme, lami, na kuta za tofali zenye vipande vya chupa juu. Binti yangu Zuhura yuko kidato cha tatu na ana gitaa lake. Simu inamwambia uzi gani umelegea. Inamwonyesha vidole vya mzungu mmoja mwenye subira isiyoisha, anayesimamishwa, anarudishwa nyuma, anaanza tena bila kununa. Wenzake wana nyimbo arobaini, kila wimbo wanaujua nusu, na wakikutana wanapigiana hizo nusu. Zuhura ni afadhali, humaliza. Hulichomeka gitaa kwenye simu, akavaa vile vidude vya masikioni, akafunga mlango wa chumba chake, na nikipita ukumbini nasikia tu kucha zinavyogusa nyuzi.

Juzi nilimwomba nisikilize. Akanipa kidude kimoja cha sikio, nikakaa kitandani pake, tukasikiliza pamoja. Anapiga safi, vizuri kuliko nilivyopiga mimi umri wake, na nilimwambia hivyo kwa kuwa ni kweli. Aliona haya, akafurahi. Kisha nikatoka nje kuanua nguo, na upande wa pili wa ukuta nikasikia jirani yetu anawasha gari lake. Tunaishi naye mwaka wa sita huu. Hujambo, sijambo, getini. Hajui kwamba hapa pana mtoto anayepiga gitaa.